Kupokelewa Chuoni Siyo Kupokelewa Kwenye Kompyuta

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na kuanzia hapo barua za vijana wanaotaka kusomea sayansi ya kompyuta Marekani huja mfululizo. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: niweke vyuo gani kwenye orodha? Nimechagua saba za kujibu.

Shikamoo. Nina A karibu masomo yote. Orodha yangu ni Stanford, MIT, Princeton, Caltech, Carnegie Mellon, Berkeley, Illinois, Georgia Tech, Washington na Cornell. Kaka yangu anasema najitafutia maumivu. Ni kweli?

Marahaba. Msikilize kaka yako. Vyuo vyote kumi ni vizuri, ila kwa anayeomba kompyuta hakuna hata kimoja unachoweza kusema tayari ni chako, hata uwe na A hizo zote.

Nadhani najua kilichokuponza: umeangalia kiwango cha udahili cha chuo kizima. Chuo Kikuu cha Washington hupokea zaidi ya theluthi moja ya waombaji wake, nawe ukakiweka kama chuo cha kujihami. Lakini sayansi ya kompyuta pale iko chini ya Paul G. Allen School, inayochukua wengi wa wanafunzi wake moja kwa moja kutoka sekondari, na nafasi za wasio wakazi wa jimbo hilo ni chache mno. Unaweza kupita geti ukakuta chumba ulichokifuata kimefungwa.

Carnegie Mellon nao wana School of Computer Science inayodahili kivyake, na ushindani wake ni mkali kuliko wastani wa chuo unavyoonyesha. Berkeley zamani uliweza kuingia kitivo cha Letters and Science, ukapata wastani wa alama 3.3 kati ya 4 kwenye masomo ya mwanzo, kisha ukatangaza kompyuta. Kuanzia waliodahiliwa 2023 utaratibu huo ulibadilika: kompyuta inaombwa tangu mwanzo, na aliyebaki nje hushindania nafasi chache. MIT, Stanford, Princeton na Caltech hali ni tofauti. Ukishapokelewa, hakuna wa kukuzuia kusoma kompyuta. Kupokelewa kwenyewe ndiyo shughuli.

Sasa fanya hivi. Ifute orodha yote uanze upya kutoka chini. Tafuta kwanza vyuo viwili vya uhakika, na kwangu uhakika una masharti matatu: programu yenyewe ya kompyuta (siyo chuo tu) inakubali watu wa alama zako bila wasiwasi, gharama yake mnaimudu, na ungekwenda bila kununa. Kikikosa sharti moja, hicho si cha uhakika, ni cha kujifariji. Arizona State, kwa mfano, huchapisha vigezo vyake vya udahili, vya shule ya uhandisi vikiwemo, kwa hiyo unajipima kabla ya kulipa ada ya maombi. Ukishapata viwili vya namna hiyo, ongeza vinne au vitano ambavyo alama zako ziko katikati ya waliopokelewa kwenye kompyuta. Hapo ndipo uchague vitatu au vinne kati ya hao kumi uwapendao. Vijana wengi huenda kinyume: huanza na ndoto, wakachoka, kisha usiku wa mwisho wakajaza vyuo vya uhakika wasivyowahi hata kuvisoma.

Binti yangu yuko katika asilimia 5 ya juu ya darasa lake hapa Texas. Kwa sheria ya jimbo UT Austin lazima wamchukue. Kuna haja ya kuomba kwingine?

Ipo, mama, tena kubwa. Sheria hiyo ya 1997 inampa nafasi chuoni, haimpi nafasi kwenye kompyuta. UT Austin kwa miaka kadhaa walichukua asilimia 6 ya juu, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 wamebana hadi asilimia 5. Ila fomu inamtaka mwombaji ataje kozi ya kwanza na ya pili, na kozi ya kwanza hushindaniwa kama kawaida. Wapo wanaopokelewa kila mwaka kwa nguvu ya sheria halafu wakajikuta kwenye kozi nyingine.

Kwa hiyo muulize binti swali moja kabla ya yote: ukipewa Austin bila kompyuta, utakwenda? Jibu likiwa hapana, basi Austin kwenye orodha yenu ni chuo cha ushindani, si cha uhakika. UT Dallas ina idara kubwa ya kompyuta na inafaa kuangaliwa. Texas A&M ina utaratibu wake: anayeomba uhandisi huingia mwaka wa kwanza kwa jumla, kisha anashindania fani kwa alama za chuoni. Baadhi ya watoto hustawi kwenye mtindo huo, wengine mwaka mzima hawalali. Wewe ndiye unayemjua wako.

Je, nikiomba falsafa au jiografia ili niingie kirahisi, kisha nihamie kompyuta?

Wazo hili lina umri mrefu, na vyuo vinalijua kuliko wewe. Pale ambapo kompyuta iko wazi kwa kila mwanafunzi, hila haina faida. Pale ilipobanwa, kanuni za kuhama zimeandikwa kwa ajili ya watu wenye mpango kama wako.

Kuna njia halali inayofanana nayo. Illinois wana shahada zinazounganisha kompyuta na fani nyingine, kama isimu, anthropolojia au astronomia. Masomo ya msingi ya kompyuta unayapata, nusu ya pili inakuwa ya fani hiyo. Kama kweli unaipenda isimu, hiyo ni shahada nzuri sana. Kama huipendi, insha yako itakuumbua.

Nikupe na ujanja mmoja wa kutafuta ukweli. Usisome ukurasa wa chuo ulioandikiwa waombaji. Huo umejaa picha za watu wanaocheka kwenye nyasi. Fungua ukurasa wa idara ulioandikiwa wanafunzi waliokwisha kuingia, sehemu ya kubadilisha kozi. Pale lugha hubadilika ghafla: wastani unaotakiwa, masomo ya lazima, mara ngapi unaruhusiwa kujaribu, na wakati mwingine sentensi moja kavu kwamba maombi ya kuhamia kompyuta hayapokelewi. Sentensi hiyo ndiyo taarifa uliyokuwa unaitafuta.

Vyuo vingapi vinatosha?

Common App inaruhusu visivyozidi 20. Mimi naona 8 hadi 12. Hesabu insha, usihesabu vyuo: vingi vinataka insha zao za ziada, na ya kumi na tano huwa imechoka hata kwa macho. Vyuo vya University of California vinapunguza kazi kwa kuwa vina fomu moja yao wenyewe, haviangalii mtihani wa SAT, na majibu yaleyale huenda kwenye kampasi zote unazochagua. Ada, hata hivyo, hulipwa kwa kila kampasi.

Mimi niko nje ya Marekani. Familia inaweza kutoa dola 8,000 kwa mwaka, basi. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, anzia kwenye pesa, kompyuta ije baadaye. Kwa bajeti hiyo vyuo vingi vya umma vinaondoka kwenye orodha hata kama vingekukubali kwa furaha, kwa sababu misaada yao imeelekezwa kwa wakazi wa jimbo na raia. Kupokelewa bila pesa ni barua nzuri ya kuweka kabatini tu.

Kuna vyuo vichache visivyoangalia uwezo wa familia wakati wa kuamua, hata kwa mwombaji wa kutoka nje, na vinavyoziba pengo lote la mahitaji. MIT, Harvard, Yale, Princeton, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wamo. Hivyo vyote ni vya ndoto, kwa hiyo visijaze orodha. Kundi la pili huziba pengo lote, lakini huangalia uwezo wako wakati wa kuamua: Williams, Swarthmore, Carleton na Grinnell ni mifano. Hapo, kuomba pesa nyingi kunakupunguzia nafasi, na huna la kufanya zaidi ya kulijua. Kisha kuna Berea, kule Kentucky, isiyomtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892. Inafundisha kompyuta, ila inachukua wachache sana kutoka nje.

Kwa chuo kingine chochote, tafuta hati iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi hutoa kila mwaka. Shuka hadi kipengele H6. Pale chuo kinaandika kama kinawasaidia wanafunzi wa kigeni, wangapi walipata msaada, na wastani wa kila mmoja. Tuseme unasoma: wanafunzi 40, wastani dola 52,000. Rudi kipengele B uone wako wageni wangapi kwa jumla. Wakiwa 60, chuo hicho kinasaidia theluthi mbili ya wageni wake. Wakiwa 900, hao 40 ni bahati nasibu. Kisha chukua gharama ya mwaka mzima, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya (bima husahaulika kila mara), toa wastani ule, uone kama kinachobaki kinakaribia 8,000. Kikibaki 25,000, kifute.

Usitegemee pia kwamba mtajazia mbele ya safari. Ili upewe fomu I-20 ya kuombea viza, lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza zipo. Na maombi ya msaada yenyewe yana gharama: CSS Profile, fomu ya kuombea msaada ambayo baadhi ya vyuo huitaka, ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, kwa hiyo andikia vyuo mapema kuuliza kama wanakusamehe ada au wana fomu mbadala ya bure.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo. Kwa bajeti yako, huenda usipate chuo cha uhakika ndani ya Marekani. Chuo chako cha uhakika ni kile kilicho karibu na nyumbani ambacho mnaweza kukilipia, na kina haki ya kuwa kwenye orodha kama vingine.

Ninapanga orodha kwa kufuata CSRankings. Nakosea?

Unatumia kipimo kizuri kwa kazi isiyo yake. CSRankings, iliyoanzishwa na Emery Berger wa UMass Amherst, inahesabu makala za utafiti za wahadhiri kwenye mikutano mikubwa ya fani. Kwa anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu ni hazina. Kwa wa mwaka wa kwanza haisemi darasa lina watu wangapi wala kama utapata nafasi kwenye somo unalolitaka. Orodha ya jarida la U.S. News ya kompyuta kwa shahada ya kwanza nayo imejengwa juu ya maoni ya viongozi wa vyuo kuhusu vyuo vya wenzao. Isome kama sifa ya jina. Jina lina thamani yake kwa waajiri, sikatai, lakini tofauti kati ya namba 18 na namba 31 haistahili kukukosesha usingizi.

Badala yake fungua ratiba ya masomo ya muhula huu, ambayo vyuo vingi huiacha wazi kwa umma. Tafuta mifumo endeshi, algoriti, hifadhidata. Je, yanafundishwa muhula huu kweli au yamo kwenye kitabu cha kozi tu? Nafasi ni ngapi, na wangapi wanasubiri? Chuo kidogo kinaweza kushinda hapo. Harvey Mudd ina wanafunzi takriban 900, na kila mmoja wao, hata wa kemia, hupitia somo la utangulizi la kompyuta.

Nitumie Early Decision wapi?

Early Decision, yaani kuomba mapema kwa ahadi ya kujiunga, inakufunga: wakikupokea, unaondoa maombi mengine yote. Itumie kwenye chuo kimoja tu, na iwapo umeshapiga hesabu ya gharama kwa kikokotoo cha chuo chenyewe na wazazi wamekubali kile kiasi kilichotokea. Kama mnahitaji kulinganisha ofa za msaada, iache, tumia maombi ya mapema yasiyofunga. Georgia Tech, Illinois na Purdue wanayo, na unabaki huru kuamua hadi tarehe 1 Mei. Kwa Purdue hasa usichelewe: ukiomba kompyuta, tuma kabla ya tarehe 1 Novemba.