Townes Van Zandt, Houston, 1973: anzia hapa

Mwenzetu ameomba atajiwe albamu moja iliyorekodiwa mbele ya watu, ya mtunzi na mwimbaji wa kantri ambaye hakupewa heshima anayostahili, akaongeza kwamba Don Williams na Kenny Rogers anawafahamu tayari. Jibu langu ni Live at the Old Quarter, Houston, Texas ya Townes Van Zandt, na huenda muulizaji amekwisha kumsikia mtu huyu bila kujua.

Mimi mwenyewe nilimfikia kwa mlango wa nyuma. Nyumbani kwa mjomba, Nakuru, kulikuwa na kaseti ya mchanganyiko yenye If I Needed You, wimbo ambao Don Williams aliuimba pamoja na mwimbaji mwenzake wa kantri, Emmylou Harris, mwaka 1981, nami kwa miaka mingi niliuhesabu kuwa wa Don, hadi siku niliposoma jina la mtunzi kwenye karatasi ya kaseti, kwa maandishi madogo kama ya chupa ya dawa.

Old Quarter ilikuwa baa ndogo mjini Houston. Van Zandt alirekodiwa humo Julai 1973, peke yake na gitaa kavu, watu wakiwa wamebanana, na rekodi ikakaa hadi 1977 ndipo ikatolewa kama santuri mbili. Chupa na glasi zinasikika zikigongana, naye kati ya nyimbo anatania wateja. Kisha anaanza kuimba, na baa nzima inanyamaza.

Ubora wa albamu hii, kwa maoni yangu, unatokana na umaskini wake. Albamu zake za studio za mwanzo zilipambwa kupita kiasi. Usikilize Kathleen katika albamu ya 1969, jinsi fidla zinavyomfunika mwimbaji kama blanketi zito, halafu uusikilize wimbo huohuo hapa, ambapo kimebaki kidole kinachodonoa nyuzi na sauti kavu isiyomwomba mtu huruma. Hata sasa siwezi kuurudia ule wa studio.

Pancho and Lefty ndio wimbo wa kusikiliza kwa makini zaidi. Pancho ni jambazi anayeuawa Mexico, na Lefty ni mwenzake anayeondoka kwenda Ohio siku ileile, kisha anazeekea katika hoteli ya bei rahisi huko Cleveland. Hakuna mahali mtunzi anaposema kwamba Lefty alimuuza rafiki yake. Anasema tu kwamba hakuna ajuaye alikopata nauli. Waimbaji wa kantri Willie Nelson na Merle Haggard waliurekodi upya, na mwaka 1983 ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Marekani, lakini toleo lao lina ala nyingi na linakwenda kwa raha mno, kiasi kwamba ile nauli inampita msikilizaji. Mtunzi mwenyewe alifariki tarehe 1 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 52, bila kupata wimbo wake mwenyewe uliovuma namna hiyo.

Namwonya muulizaji asianze kuisikiliza ndani ya matatu, kama nilivyofanya mimi nikaiona inachosha. Nyimbo ni 26, baadhi ni za watu wengine, na zile nyimbo za bluzi (blues) za mzaha zinaweza kurukwa bila hasara kubwa. Waiting Around to Die na Tecumseh Valley ziachiwe usiku, umeme ukikatika ni heri zaidi.

Mwaka juzi nilimpigia mjomba If I Needed You ya Old Quarter. Aliuliza kwa hasira ni nani huyu anayemharibia Don wimbo wake, hata hivyo hakuniruhusu kuizima, tukaisikiliza albamu yote tangu mwanzo. Kesho yake asubuhi alinipigia simu, na kabla hata ya salamu akataka kujua kama mimi nafahamu Lefty alipata wapi nauli.