Cheti cha AHITI, leseni ya Bodi na usimamizi wa daktari aliye mbali

Swali: Nimehitimu cheti cha afya ya mifugo katika chuo cha AHITI (taasisi ya mafunzo ya afya na tasnia ya mifugo), nami nimerudi kwetu Faza, kisiwani Pate, ambako watu huniita kutibu mbuzi na punda wao. Nina kibali cha biashara kutoka kwa kaunti. Je, kinatosha? Na nitasimamiwaje na daktari aliyeko Amu (Lamu), ambako hufikiwa kwa boti tu?

Jibu: Kibali hicho hakitoshi, ndugu yangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za mifugo, lakini imeondoa waziwazi udhibiti wa taaluma yenyewe. Kwa hiyo kaunti yaweza kukuajiri au kukuruhusu kufungua duka, ila haiwezi kukupa haki ya kutibu. Haki hiyo hutolewa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (KVB) kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo pamoja na wataalamu wasaidizi kama wewe. Cheti cha chuo ni sifa ya kuomba usajili, si usajili wenyewe, na anayetibu bila kusajiliwa anatenda kosa. Ukishasajiliwa, uhuishe leseni yako kila mwaka na uhudhurie mafunzo endelevu. Kuuza dawa kunahitaji kibali kingine tena.

Kuhusu usimamizi, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani humfafanua mtaalamu msaidizi kuwa ni mtu aliyeidhinishwa na chombo cha taaluma kutekeleza kazi maalumu alizokabidhiwa, chini ya wajibu na maelekezo ya daktari wa mifugo. Kwa maoni yangu, maelekezo hayo hayamlazimu daktari kusimama kando yako zizini, lakini pia hayatimizwi na jina lake kubandikwa ukutani huku yeye hajui umemdunga nani dawa gani. Andikianeni mkataba unaotaja kazi utakazofanya peke yako, zile utakazompigia simu kwanza, na zile ambazo hutazigusa, kama upasuaji wa tumbo.

Chukua mfano wa punda wenu wanaobeba mchanga na mawe kwa soji, yaani mifuko ya mgongoni. Kidonda cha mgongo utakiosha na kukitibu bila wasiwasi. Lakini punda akikonda, akawa na homa na ufizi uliopauka, ukashuku nagana inayoenezwa na mbung'o, usikimbilie dawa iitwayo diminazini kwa kuwa imewafaa ng'ombe, kwa maana punda huistahimili dawa hiyo vibaya zaidi, na kosa dogo la kipimo laweza kumdhuru. Hapo ndipo pa kumpigia daktari, umtajie joto la mwili, uzito uliokadiria kwa utepe, na dawa aliyopewa awali na mwenye punda. Maelekezo yake yaandike hapo hapo katika daftari la matibabu.

Daftari hilo ndilo ushahidi kwamba usimamizi upo. Kila mstari uwe na tarehe, mwenye mnyama, dalili, dawa na namba ya toleo lake, kipimo, na siku ambazo maziwa au nyama haitaliwa. Ukimdunga mbuzi anayekamwa oksitetrasaiklini bila kumwambia mama mwenye mbuzi asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo, mabaki ya dawa yatawafikia watoto wake siku hiyo hiyo. Nakuomba sana usilipuuze hili. Daktari alipitie daftari na kulitia sahihi kila anapofika kisiwani, na baina ya safari mtumie picha za kurasa.

Mpaka usajili utakapokamilika, fuatana na daktari au mtaalamu mwenye leseni, wala usipokee malipo ya tiba kwa jina lako. Na ukikuta mnyama amekufa ghafla, damu ikimtoka puani au nyuma bila kuganda, shuku kimeta: mzoga usipasuliwe wala kuchunwa, uwazuie watu na mbwa wasiukaribie, na umwarifu daktari wa mifugo wa kaunti papo hapo, hata kama mwenye mnyama anakusihi umwambie kwamba nyama inalika.