Mkiichambua barua ya King, acheni kuhesabu takriri

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimesahihisha rundo lenu la insha kuhusu barua ambayo Martin Luther King Jr., mpigania haki za Weusi wa Marekani, aliiandika akiwa jela Birmingham, Alabama, Aprili 1963. Karibu zote zina orodha ileile: takriri (maneno kurudiwarudiwa) hii hapa, sitiari ile pale, hitimisho. Waliowatangulia walifanya vivyo hivyo. Nawapenda, lakini tuache sasa.

1. Anzeni na walioandikiwa. Viongozi wanane wa dini, Wazungu watupu, walitoa taarifa gazetini kwamba maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi si ya busara, wakati wake haujafika, na yanaongozwa kwa sehemu na watu wa kuja. Usipoijua taarifa hiyo utadhani King anarukaruka. Kumbe anawajibu hoja kwa hoja. Kati yao alikuwamo askofu Mkatoliki, rabi wa Kiyahudi, na wachungaji wa Kiprotestanti. Sasa tazameni anaowaita mashahidi dhidi ya sheria dhalimu: Augustino na Thomas wa Akwino, watakatifu wa Kikatoliki, kisha Martin Buber, Myahudi, kisha Paul Tillich, Mprotestanti. Kila mmoja kaletewa mtu wa kwao. Mwenzenu ameandika kwamba King "anaonyesha usomi wake". Hapana jamani! Anawazibia njia ya kukwepa.

2. Ile sentensi ndefu. Hapa ndipo mnaponitoa jasho. Weusi wameambiwa wasubiri, naye anajibu kwa sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, nukta mkato baada ya nukta mkato. Inaanza na magenge yanayoua mama na baba za watu, inapita kwa polisi wenye chuki na umaskini, halafu ghafla inaingia nyumbani: binti wa miaka sita ameona kwenye televisheni tangazo la Funtown, bustani ya michezo, anauliza kwa nini haendi. Ulimi wa baba unakuwa mzito. Mtoto anaambiwa hapapokei watoto Weusi, na machozi yanamlengalenga. Baada yake kuna mvulana wa miaka mitano na swali lake, kuna kulala garini safarini kwa kuwa moteli zinakukataa. Kishazi kikuu, kile cha kukamilisha sentensi, bado! Mwanafunzi mmoja aliisoma kwa sauti darasani, katikati akalalamika, "Mwalimu, nukta iko wapi?" Nikamwambia swali hilo ndilo insha yake. Wanaohubiri subira wamesubirishwa na sarufi yenyewe. Ukiniandikia "takriri imetumika mara nyingi", hilo lote umelipita.

3. Ethosi, yaani kuaminika kwa msemaji, si umaarufu. Soma anavyojitambulisha: ni rais wa jumuiya yenye makao Atlanta, na tawi lao la Birmingham ndilo lililomwalika. Hapo anawajibu waliosema habari ya watu wa kuja.

4. Afrika. Mnafurahi kuikuta humo, halafu mnaikosea. Anasema mataifa ya Asia na Afrika yanaukimbilia uhuru kwa kasi ya ndege, ilhali Weusi wa Marekani wanajikokota kwa mwendo wa gari la farasi kutafuta kikombe cha kahawa mkahawani. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, na Kenya ilipata uhuru Desemba ya mwaka huohuo wa barua. Anawaaibisha Wamarekani kwa mfano wetu. Walioandika kwamba anatuhurumia, rudieni aya hiyo kabla ya Ijumaa.