Usiwaingize hao kuku wa tenga bandani kwako Jumamosi

Mkuu, subiri kwanza. Nimesoma bandiko lako lote. Una nusu ekari Mkuranga, una kienyeji wako wa siku nyingi, machotara Kuroiler na Sasso uliowalea tangu vifaranga, na bata wachache. Jumamosi unashushiwa matenga ya kuku wakubwa kutoka Singida, "wameshachanjwa wote", unataka walale banda moja na hao ulionao. Halafu umeuliza chakula cha pamoja, idadi ya majogoo, na kama unaweza kuongeza bata mzinga. Nitajaribu kuyafikia. Ila hilo la Jumamosi limenitoa jasho, maana ndilo lililonimalizia banda zima.

Mimi niko upande wa Bagamoyo. Nilikuwa na mchanganyiko kama wako kabisa, na mauzo ya mayai yalikuwa yanalipa ada ya watoto bila kelele. Nikataka kuongeza idadi haraka kabla ya sikukuu. Kuku wageni wakashuka jioni, wazima, upanga wa kichwani mwekundu, wanakula vizuri. Bei ilikuwa chini kuliko kawaida na mimi nikaona nimepata. Nikafungua mlango wa banda wakaingia kulala na wenzao.

Hiyo bei ndogo ndiyo ilipaswa kunishtua. Kideri, au mdondo kama wengine mnavyokiita, kikianza kuua kuku kwa jirani kule kijijini, mwenye kuku hangoji kifike kwake. Anauza chapuchapu, hata kwa hasara. Mchuuzi anapita nyumba hadi nyumba anakusanya, anawajaza tenga moja, wanasafiri wamebanana, wananyeana na kuhemeana njia nzima. Hata kama aliyekuwa na ugonjwa ni mmoja tu, mpaka mjini ameshawagawia wenzake. Na wewe huwezi kumwona kwa macho, kwa sababu tangu virusi viingie hadi dalili zitokee huchukua siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Muda wote huo kuku anakula, anakunywa, hata anataga. Kwa hiyo kumgeuzageuza mkononi Jumamosi na kumwangalia macho hakutakwambia lolote.

Kwangu walianza wageni wawili watatu kuzubaa, mabawa chini. Kesho yake kinyesi cha kijani na kuhema mdomo wazi. Baada ya hapo shingo zikaanza kupinda na miguu kupooza, na sasa walikuwa wangu, wale niliowalea mwenyewe. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, jamaa akaniuzia antibayotiki ya unga, akaniambia changanya kwenye maji watapona. Kideri ni kirusi, hakina dawa! Anayekuuzia antibayotiki kutibu kideri anakuchukulia hela yako tu wakati kuku wanaendelea kufa. Kuku ambao hawana kinga wanaweza kwisha karibu wote, na wangu walikwisha. Kuku wa jirani wakafuata, na huyo jirani ilibidi nimtazame usoni.

Sasa nimseme yule "mtaalamu" niliyemlipa kwa mkono wangu. Kwanza aliniambia wangu walishachanjwa utotoni, inatosha. Haitoshi. Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi 3, kuku awe wa kienyeji au chotara. Pili akasema "kienyeji ni wagumu, hawaumwi ovyo". Kienyeji ni wagumu kwenye kujitafutia chakula, lakini kideri ndicho kinachofagia kienyeji vijijini kuliko ugonjwa mwingine wowote. Tatu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, alisema wageni wakishuka niwachanje siku hiyo hiyo kisha niwaachie. Chanjo inahitaji wiki 1 hadi 2 kujenga kinga. Kuku aliyekwisha ambukizwa haimwokoi, na wewe unayemshika huyu ukahamia kwa yule unausambaza kwa mikono yako. Mtu anachukua hela ya ushauri bila kujua hayo!

Na hilo neno la "wameshachanjwa" ulilopewa, mwulize muuzaji ni chanjo gani, lini, na nani aliwachanja. Akibabaika umeshapata jibu. Hata akisema kweli, bado. Kuku aliyechanjwa anaweza asiugue mwenyewe lakini akabeba virusi na kuvitoa kwenye kinyesi. Bata ndio usiseme. Wangu hawakuumwa hata mmoja nikashukuru Mungu, kumbe bata anaweza kubeba kideri bila kuonyesha dalili yoyote, na mimi nilikuwa nawaacha wazurure kila kona. Na kuku aliyepona mafua anabaki nayo mwilini, siku yoyote anawapa wengine.

Kwa hiyo shika hili moja hata ukiyasahau mengine yote: mgeni anakaa peke yake siku 30. Simaanishi umtenge kwa wavu ndani ya banda lile lile. Mweke upande wa pili wa kiwanja, mbali kadiri nusu ekari inavyoruhusu, pasipo upepo wa kutoka kwake kuelekea kwa wenzake. Awe na vyombo vyake vya maji na chakula, fagio lake, na ndala zako za kuingilia kule tu. Asubuhi hudumia wako kwanza, wageni mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Watoto wasiende huku na kule. Banda la muda la miti, makuti na wavu linatosha, usilipambe.

Wako ulionao nyumbani wachanje leo au kesho, usingoje matenga. Wageni wachanje wakiwa huko huko kwenye kutengwa. Siku hizo 30 zinaupa ugonjwa muda wa kujitokeza na chanjo muda wa kufanya kazi. Humo humo wape dawa ya minyoo, kagua viroboto kwenye upanga na pembeni mwa macho, na utitiri chini ya mabawa. Zikikaribia kuisha, chukua kuku wako wawili usiowategemea sana, waishi na wageni wiki nzima. Wakibaki wazima, ndipo uwachanganye. Akifa mgeni hata mmoja kwa dalili nilizotaja, usimtupe jalalani wala usiwape mbwa. Choma au fukia shimo refu, na hesabu ya siku ianze upya.

Kama huna sehemu ya kuwatenga, basi usinunue kuku wakubwa kabisa. Chukua mayai ya kuatamisha umwekee koo wako, au vifaranga wa siku moja waliochanjwa huko huko wanakototoleshwa. Utachelewa miezi kadhaa, lakini banda utakuwa nalo.

Haya, uliyouliza. Chakula cha wataga usiwape wote, kina chokaa nyingi ambayo inaharibu figo za vifaranga. Wape wote chakula cha kukuzia, maganda ya konokono au chokaa weka chombo cha pembeni, wanaotaga wataifuata wenyewe. Jogoo 1 kwa majike 10 inatosha, wakizidi watawachubua majike migongo. Bata mzinga achana naye hapo ulipo. Kuku hubeba minyoo yenye ugonjwa ambao kuku mwenyewe haumsumbui sana lakini unalishambulia ini la bata mzinga na kumwua, na kwenye nusu ekari huna pa kuwatenganishia malisho.

Mpigie huyo wa matenga leo umwambie asogeze mbele mpaka banda la kutengea liwe tayari. Akikataa, na aende nayo kwingine. Kwa chanjo ulizia ya I-2, ile ya kudondoshea tone 1 kwenye jicho moja, inatengenezwa hapo Kibaha na TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo. Ofisi ya mifugo ya wilaya watakuelekeza inapouzwa karibu nawe. Inavumilia joto kuliko nyingine lakini ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, isikae juani. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo waite majirani mchangie mchanje siku moja, kuku wao na wako wanachakura kwenye majani yale yale.