Kusoma CPA ukiwa ndiyo kwanza umeajiriwa

Wadogo zangu mliomaliza digrii ya uhasibu na kupata kazi, hongereni. Swali linalofuata nalijua, maana kila anayeanza huniuliza: nijiandikishe lini mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu mwenye cheti cha taaluma, na masomo mangapi? Nami kabla ya kujibu huwa nauliza: umeajiriwa wapi?

Mitihani hiyo ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, hufanyika Mei na Novemba, lakini miezi hiyo haina uzito sawa kwa kila mtu. Ukiwa kwenye kampuni ya ukaguzi, wateja wengi hufunga mwaka Desemba 31. Januari mpaka Aprili unahama kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, leo Dar, wiki ijayo Shinyanga, unahesabu mali za stoo na kufukuzia vocha zisizoonekana. Anayejiandikisha masomo yote ya Mei katika msimu wake wa kwanza, mimi namwona jasiri kupita kiasi. Chukua somo moja, na liwe la ukaguzi, kwa kuwa ndilo unalolifanya kutwa nzima. Mzigo mkubwa uusogeze Novemba.

Halmashauri na taasisi za Serikali mambo yamegeuka. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30 na hesabu zinatakiwa zimfikie CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo Agosti na Septemba idara ya fedha hailali. Ukija kushtuka ni Oktoba, wakaguzi wameshaingia wanataka nyaraka, na Novemba hiyo hapo. Kwenu Mei ina nafuu.

Kampuni binafsi inaendeshwa na tarehe za mwezi. Tarehe 7 kuna PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na kodi ya zuio, ile unayomkata unayemlipa na kuipeleka TRA. Tarehe 20 kuna ritani ya VAT. Mwisho wa mwezi mishahara, kisha kufunga hesabu. Usijidanganye kwamba tarehe 19 jioni utasoma. Jioni hiyo utakuwa unalinganisha risiti za EFD, zile za mashine za kodi, na leja. Somo gumu liwekee tarehe 8 hadi 15 hivi, wakati kichwa kina nafasi.

Kuhusu madarasa ya jioni, sina maneno mengi. Kama ofisi iko Posta na unaishi Chanika, piga hesabu ya muda wa kurudi nyumbani kabla hujalipa ada. Wengi niliowaona wakifaulu walikuwa wanabaki ofisini mpaka saa mbili usiku, wanasoma mezani kwao foleni ikipungua. Makundi ya WhatsApp ya watu mia tatu wanaorushiana PDF yana kelele tu. Tafuta mwenzako mmoja anayefanya somo lako, msahihishiane majibu ya mitihani iliyopita.

Ninapotaka mkae kidogo ni hapa: kazi unayolipwa kuifanya ina mtihani ndani yake, ila mfumo wa kompyuta unakufichia. Chukua ankara ya pango la ofisi. Tuseme ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka mitatu, na mwenye jengo amesajiliwa VAT. VAT ya asilimia 18 ni 540,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa kwenye 3,000,000, haikatwi kwenye jumla yenye VAT, nayo ni 300,000. Mwenye jengo anapokea 3,240,000. Hilo tayari ni swali la kodi. Sasa fungua IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya pango: mkataba huo unazaa haki ya kutumia mali upande mmoja na deni la pango upande wa pili, deni linapimwa kwa thamani ya sasa ya malipo yajayo, halafu kila mwaka kuna uchakavu na riba. Likokotoe mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo, kisha linganisha na ilivyo kwenye vitabu vya kampuni. Ukimaliza, jiulize mkaguzi angeomba nini: mkataba uliosainiwa, idhini ya malipo, ushahidi kwamba zuio lilipelekwa TRA. Ankara moja, masomo matatu. Mhasibu mpya mwingine ataiona kama karatasi ya kugonga mhuri na kupeleka faili.

Tena kokotoa kwa mkono kweli. Mtu aliyezoea Excel kujumlisha kila kitu hupoteza muda mwingi sana kwenye mtihani kwa kuandika tu.

Halafu kuna likizo, jambo ambalo wageni hulikumbuka wiki ya mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, lakini mwenye utumishi usiofika miezi sita bado hana haki ya likizo hiyo ya malipo. Maana yake ukiajiriwa Januari, Mei hujafikisha. Siku za kusoma utazipata kwa hisani ya bosi, na hisani huombwa mapema, kabla ratiba ya timu haijapangwa. Andika barua au barua pepe. Usiandike "wiki mbili za Mei". Taja tarehe kamili za mitihani yako na jina la mwenzako atakayeshika kazi zako siku hizo, ambaye umeshazungumza naye akakubali.