Usiuze Majike Wako Wekundu, Tafuta Dume

Wiki moja kabla ya Iddi ya kuchinja niliuza wanakondoo wangu wote wa kiume pale Bissil, na jua lilikuwa bado halijakaza. Dalali aliyeanza kwa kunitajia shilingi 7,500 kwa kichwa alimaliza kwa 11,000, akininung'unikia kwamba mimi ni mama mgumu. Nikaweka picha, basi simu ikakosa kupumzika. Katika jumbe zote, huu ndio ulionikalisha chini kuandika: "Habari mama. Nina majike wekundu wa Kimaasai. Nimeshauriwa niwauze wote, niongeze pesa, ninunue Dopa safi ndipo nipate wanakondoo wa soko kama wako. Unasemaje?"

Nasema hapana, ndugu yangu. Usiuze hata mmoja.

Wale kondoo wa kwenye picha si Dopa safi, yaani Dorper, kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini. Mama zao ni wekundu, wale wale wadogo wenye mkia wa mafuta ambao ukipita nao barabarani hakuna anayepunguza mwendo kuwatazama. Baba yao ndiye Dopa. Jike nachagua wa kufaa ardhi yangu, dume nachagua wa kufaa mnunuzi. Mwenye haraka aishie hapo, maana mengine yote nitakayosema yanalizunguka neno hilo.

Najua kwa nini mnawadharau wekundu, kwa sababu niliwahi kudharauliwa pamoja nao. Tuliitwa semina moja Kitengela, tukapewa chai na kalamu, kisha mtaalamu mmoja akasimama akaonyesha picha ya kondoo kama wangu na kuuliza, "Nani hapa bado anafuga hawa panya wekundu?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinua mkono. Jirani niliyekwenda naye hakuinua wake, na mwezi haukuisha kabla hajauza majike wote aliowarithi kwa baba mkwe wake. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, nikawatazama wangu zizini, nikasema hawa hawaondoki.

Jambo ambalo halikusemwa siku ile ni kwamba Dopa mwenyewe ni chotara. Alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na yule kondoo wa kichwa cheusi mwenye asili ya Somalia, ambaye wenzetu wa Afrika Kusini humwita wa Uajemi. Walitaka kondoo wa nyama atakayevumilia nchi kavu kama Karoo na asiyehitaji kunyolewa manyoya. Chama cha wafugaji wake kikaundwa 1950. Kwa hiyo ukimwona Dopa ana kile kichwa cheusi, ujue ametoka kwa bibi yake Msomali, ambaye jamaa zake mpaka leo hupakiwa melini Berbera kwenda Saudia wakati wa Hija. Wale waliomtengeneza walitafuta mama anayeijua ardhi na baba mwenye nyama. Ndivyo ninavyofanya mimi, tofauti ni kwamba mama ninaye tayari zizini.

Huku kwetu Kenya, tangu miaka ya 1970 serikali ilisambaza madume wa Dopa kwa wafugaji, na watu wakapandisha bila mpango hadi wekundu halisi wakawa wa kutafutwa. Watafiti wa ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga wekundu, Dopa na chotara zao pamoja kule Diani, pwani, miaka ya 1990. Kwenye unyevu ule, penye minyoo mingi, wanakondoo wa Dopa walikufa zaidi kuliko wekundu. Jaribio la namna hiyo lilipofanywa Kapiti, Machakos, ambako ni pakavu zaidi, Dopa hakuachwa nyuma hivyo. Soma hapo vizuri. Sisemi Dopa ni mbaya. Nasema uliza kwanza unaishi wapi.

Mnyoo ninaousema ni ule unaonyonya damu tumboni. Kondoo anaishiwa damu, anavimba chini ya taya, na asubuhi unamkuta amelala upande. Mwekundu anaumwa nao pia, lakini mwili wake unapambana. Mimi kabla ya kutoa dawa nafunua kope la chini na kutazama ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, namwacha aende malishoni. Ikiwa nyeupe pe, huyo anapata dawa. Ukiwapa wote dawa kila mwezi unawafundisha minyoo kuizoea, kisha utalalamika kwamba dukani wanauza dawa feki.

Halafu ukaja ule ukame. Misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya maana, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Sitausimulia wote, mnaoujua mnaujua. Mizoga ilijaa kando ya barabara ya Namanga. Jirani yangu alikuwa akinunua nyasi kwa bei ya kuumiza, kwa sababu jike mkubwa wa Dopa anataka kula kwa ukubwa wake hata wakati ambapo hana mtoto wa kukuuzia. Wangu walikonda mpaka mbavu zikahesabika, na baadhi walikufa, sitadanganya. Lakini mvua iliporudi 2023 nilikuwa na majike wa kuanzia, na jirani alikuja kuomba nimuuzie. Nilimuuzia, tena kwa bei ya ujirani. Kuhusu yule mtaalamu wa kalamu, ningependa siku moja apite hapa anywe chai yangu.

Sasa mtego. Chotara wa kwanza anapotoka mzuri, mkubwa kuliko mama yake na mgumu kuliko baba yake, tamaa inakuambia: weka binti zake, uwapandishe Dopa tena, na tena. Usifanye hivyo. Ile nguvu ya kuchanganya damu mbili zilizo mbali huonekana zaidi kwa mtoto wa kwanza. Ukiendelea kuwapandisha binti na baba wa aina ile ile, ugumu wa mwekundu unapungua kila kizazi, na ukija kushtuka umeshakuwa na Dopa wasio safi katika nchi ya minyoo. Mimi chotara wote nauza, wa kiume na wa kike. Kuna faida nyingine ambayo huwa haitajwi: kwa kuwa hakuna binti anayebaki, dume wangu mzuri anakaa nami muda mrefu bila hofu ya kumpanda mtoto wake.

Basi majike wapya watoke wapi? Watenge wekundu wako bora, uwapandishe na dume mwekundu. Na majike wanaozaa mara ya kwanza wapeleke kwa huyo huyo, kwa sababu mtoto wa Dopa anaweza kuwa mkubwa mno kwa kiuno ambacho hakijawahi kuzaa. Dume mwekundu halisi ni kazi kumpata. Mwenye doa jeusi kichwani au mabaka meupe, uliza maswali kabla ya kutoa pesa. Wazee ndio wanaowajua, na wazee hao bado wanawaweka kwa ajili ya sherehe na mafuta ya mama aliyejifungua, hivyo nenda kwa heshima.

Wengi wenu mnaleta kondoo mzuri wiki isiyo yake. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Kondoo wa kuchinja Iddi anatakiwa awe ametimiza angalau miezi sita, asiwe kiwete, kipofu, mgonjwa wala aliyekonda. Piga hesabu kurudi nyuma. Iddi ya 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, ya 2026 mwishoni mwa Mei, na kila mwaka inasogea nyuma kama siku kumi na moja. Dume akiingia kwa majike mwezi Juni, watazaa Novemba, mvua ya vuli ikiwa imeotesha nyasi, maziwa yawepo. Wataachishwa Februari, watakula nyasi za masika, na Mei wako tayari. Kipindi kingine chote dume anavaa kile kipande cha ngozi ambacho Wamaasai humfunga tumboni asipande. Nimeona watu wenye mashamba ya mamilioni wanashindwa na kazi ya kipande cha ngozi, wanazaliwa watoto Agosti katikati ya vumbi, halafu wanauliza kwa nini dalali anawachezea.

Na tafadhali, usimkate mkia unayemlenga Iddi. Wanunuzi wangu hukagua mkia, masikio na meno kabla ya kuuliza bei.

Kwa hiyo, ndugu uliyeandika: zile pesa ulizotaka kuongeza kununulia kundi zima la Dopa, nunua dume mmoja. Dume mmoja aliyekomaa anawatosha majike wako 25 au 30 katika msimu. Usimchukue mnadani, maana mnadani dume anauzwa kwa sababu, na sababu hiyo utaijua ukishafika nyumbani. Nenda zizini kwa mfugaji asubuhi kabla hajawalisha. Mtembeze dume mbele yako, shika korodani zote mbili uone zinalingana na hazina uvimbe, funua kope, kisha uombe kuonyeshwa mama yake na daftari la kuzaliwa. Mfugaji akikuambia mama alishauzwa na daftari lilipotea, mshukuru kwa chai na upande matatu yako.