Niliuza pikipiki nikasomee gesi: jibu langu kwa kijana wa Mbagala

Ujumbe uliingia saa tano usiku, Jumanne iliyopita. Nauweka hapa kama ulivyokuja, nimeondoa jina tu: "Shikamoo kaka. Mama kauza ng'ombe wawili, nina milioni tatu na laki mbili. Kuna chuo hapa mjini kinatoa kozi ya mafuta na gesi, miezi sita. Wanasema ukimaliza unaingia bomba la Tanga au mradi wa Lindi. Nilipie?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba. Nilimjibu kijana kwa mstari mmoja, kwamba asilipe hata shilingi mpaka nimwandikie vizuri. Hii ndiyo barua yenyewe. Naiweka hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mnaitaka gesi hii kama nilivyoitaka mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa ghala kwenye kampuni moja Barabara ya Nyerere. Mshahara ulitosha kodi ya chumba Temeke, na nilikuwa na pikipiki moja niliyompa kijana wa bodaboda, ananiletea hesabu kila jioni. Nani hakumbuki habari za miaka ile? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 ilikuwa ikiendesha mitambo ya umeme pale Ubungo. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Hizo tulishazizoea. Kilichotutia wazimu ni visima vya bahari ya kina kirefu kuanzia 2010, hesabu ya gesi ya nchi nzima ikipanda mpaka baadaye ikaja kupita futi za ujazo trilioni 57. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara kuja Dar likawa linajengwa. Kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa, kila mtu alikuwa na binamu anayehamia Mtwara.

Mei 2013 watu wa Mtwara waliinuka, kauli yao ikiwa "gesi haitoki". Watu walikufa. Mimi nilisoma magazeti yale nikaona jambo moja tu: kumbe mali ipo kweli. Naandika sentensi hiyo leo kwa aibu. Wale walikuwa wanauliza swali ambalo ningeliuliza mwenyewe mwaka mmoja baadaye, kwamba gesi ikishapita hapa, mimi inaniachia nini?

Nikauza pikipiki. Nikaongeza akiba yote, nikalipa ada kwenye chuo kimoja katikati ya jiji, miezi sita, masomo ya jioni. Chuo sikitaji, na mlango wake ulishafungwa siku nyingi. Tulifundishwa historia ya mafuta, majina ya matabaka ya miamba, picha za mitambo ya kuchimbia ukutani. Miezi sita yote sikushika bomba hata siku moja.

Mwalimu mmoja alipenda sana kutusimulia North Dakota, kule Marekani. Karibu kilomita tatu chini ya ardhi ya kule kuna mwambatope, yaani tope la kale lililogeuka jiwe, uitwao Bakken. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenyewe, yamebanwa kwenye vitundu vidogo kiasi kwamba kisima cha kawaida hakiyatoi. Wamarekani wakajua kuchimba kwenda chini, kisha kupinda na kuchimba mlalo ndani ya mwamba, halafu kuupasua kwa maji yenye mchanga na kemikali yanayosukumwa kwa nguvu kubwa. Mchanga unabaki kwenye nyufa zisifunge, na mafuta yanatoka. Mji mdogo wa Williston ukafurika madereva wa malori, mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme na wapishi. Watu walilala kwenye magari kwa kukosa vyumba, na mwaka 2014 kodi ya nyumba pale ikatajwa kuwa kubwa kuliko ya New York. "Mtwara itakuwa hivyo hivyo," mwalimu alisema, nasi darasa zima tukaandika.

Irudie ile orodha ya mwalimu. Dereva, mchomeleaji, fundi umeme, mpishi. Hakumtaja hata mmoja mwenye cheti kilichoandikwa "mafuta na gesi". Mimi niliyekuwa nimekaa mstari wa mbele sikuliona hilo. Ilinichukua miaka.

Septemba 2014 niliacha kazi, nikapanda basi la Mtwara. Wiki ya pili dalali akanionyesha kiwanja upande wa Mikindani, nikanunua kwa pesa iliyobaki, nikiamini nitajenga nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa kampuni. Nilipeleka barua za maombi 41. Ninazo nakala zote.

Nilichokuwa sijui ni kwamba bei ilikuwa imeshaanza kuanguka. Juni 2014 pipa la mafuta lilifika dola 115. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Sababu kubwa ilikuwa ni hayo hayo mafuta ya mwambatope tuliyoyasifia darasani. Marekani ilikuwa inazalisha mapipa milioni 5 hivi kwa siku mwaka 2008, na 2015 ikawa imepita milioni 9. Soko likafurika, na Novemba 2014 nchi za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, zikakataa kupunguza uzalishaji. Kampuni dunia nzima zikaanza kubana matumizi, na mradi wa bahari ya kina kirefu unaohitaji miaka na mabilioni ya dola kabla ya kuuza chochote ndio unaoahirishwa wa kwanza. Mwambatope wenyewe haukupona. Mitambo ya kuchimba North Dakota ilikuwa zaidi ya 180 mwaka 2014. Katikati ya 2016 ilikuwa chini ya 30. Vyumba vya Williston vilivyokuwa vinagombaniwa vikakosa watu.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni mlinzi wa getini akipokea bahasha yangu na kuiweka juu ya nyingine.

Desemba 2015 nikarudi Dar. Bomba la gesi lilikuwa limeshazinduliwa Oktoba, kwa hiyo gesi ilifika mjini kabla yangu. Kwenye ubarikio wa mtoto wake, mjomba wangu mmoja alinitambulisha mbele ya watu kama "Mtaalamu wa Gesi". Wote wakacheka. Jina hilo lilinikaa miaka mitatu, na sijalisahau mpaka leo.

Shemeji yangu ana karakana Tandika, anatengeneza mageti na grili za madirisha. Alinichukua bila maneno mengi. Nilianza kwa kukata skwea paipu na kupiga msasa, mwezi wa tatu nikashika mashine. Miaka miwili iliyofuata naipita. Ilikuwa mageti, grili, na mapele ya cheche mikononi. Baadaye nikajiunga na chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe nikapata cheti cha kuchomelea, kisha nikaanza kuutafuta mtihani wa kuchomelea mabomba uitwao 6G.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo maisha yangu yalipogeukia. Kwenye 6G bomba linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45, na haliruhusiwi kuzungushwa. Unalizunguka wewe. Unachomelea ukiwa umesimama, umeinama, umelala chini ukitazama juu, na mshono mmoja unapitia mikao yote. Ruti, yaani mshono wa kwanza wa ndani, unaupiga kwa elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, ya aina ya 6010, kisha unajaza na kufunika kwa 7018. Hizi 7018 hazitaki unyevu kabisa. Zinatunzwa kwenye oveni yake, zinatolewa chache chache. Sasa fikiria Dar ya Aprili, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Mtihani wa kwanza nilianguka kwa sababu nilikuwa nimeziacha elektrodi kwenye boksi lililofunguliwa tangu asubuhi. Kipande kilipopigwa eksirei kilionyesha vitundu kama vya andazi. Msimamizi alinirudishia picha ile, na nimeibandika ukutani karakana, vijana wote wanaiona siku ya kwanza.

Mara ya pili nilifaulu. Nilimpigia mama simu nikiwa barabarani, nikashindwa kuongea.

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifanyika Februari 2022. Mwaka uliofuata mkandarasi mdogo aliyekuwa akitafuta wachomeleaji wa upande wa Tanga aliniita nipimwe. Tulikuwa 30 siku ile. Wapo waliokuja na vyeti vya mafuta na gesi vilivyowekewa fremu. Hakuna aliyetuuliza vyeti mpaka vipande vyetu vilipotoka eksirei. Tulibaki saba. Kwa mkataba ule niliezeka nyumba ya mama, nikanunua mashine mbili, na mjomba yule yule alinipigia kuniomba nimpokee mwanawe karakana. Nimempokea. Anajituma.

Sasa mdogo wangu, nisikilize vizuri.

Usisome gesi. Soma ufundi ambao gesi ikija itauhitaji, na isipokuja utakula nao. Mchomeleaji anatengeneza geti Jumatatu na bomba Jumanne. Fundi umeme ni hivyo hivyo, na dereva wa gari kubwa, na mpishi anayeweza kulisha watu 300 kwa wakati bila mtu kuumwa tumbo. Kama una kichwa cha hesabu na muda wa miaka minne, vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha fani za petroli, hilo ni jambo jingine na siligusi. Nazungumzia miezi sita na ng'ombe wawili wa mama.

Pili, ujue kazi hizi zina msimu. Bomba likiwa linajengwa linataka watu wengi. Likishafukiwa, wanaobaki ni wachache wa kuangalia mitambo na walinzi wa njia. Mkataba wangu ulikwisha, wenzangu wengine wakabaki Tanga kusubiri mwingine, wakala akiba yote kwenye nyumba za kupanga. Mimi nilirudi Tandika Jumatatu iliyofuata. Usisubiri mradi. Nimesubiri mmoja, najua unavyokula mtu. Ule wa Lindi, wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o ili isafirishwe kwa meli, nimeusikia zaidi ya miaka kumi sasa. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa na Equinor na Shell, tukashangilia. Nauombea uanze hata kesho. Lakini siuzi kitu kwa ajili yake, na wewe usiuze.

Tatu, tazama bei ya mafuta duniani kama unavyotazama bei ya unga. Dakika moja kwa wiki kwenye simu inatosha. Ningeitazama 2014 nisingenunua kiwanja, ambacho bado ninacho, na jirani anavuna korosho ndani yake.

Wenye biashara ndogo, ninyi mna nafasi kuliko mnavyodhani. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni za 2017 zinataka bidhaa na huduma za Watanzania zipewe kipaumbele, na huduma isiyopatikana nchini itolewe na kampuni iliyoungana na ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua asilimia 25. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ina kanzidata ya watoa huduma wa ndani. Jiandikishe. Lakini kabla ya hapo weka vitabu vyako sawa, kodi, leseni, risiti za mashine. Wenzetu wengi wanaanguka hapo, kwenye karatasi, si kwenye kazi, na halafu wanarudi mtaani kulalamika kwamba wageni wanapendelewa.

Na yeyote anayekutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kuna ajira za bomba, utume elfu hamsini ya usaili, ni mwizi. Kwenye kazi halali nilizopata sijawahi kulipia usaili.

Ukitaka gesi ya leo, iko hapa hapa mjini. Tazama foleni za magari na bajaji kwenye vituo vya gesi. Kila moja lilifungiwa mtungi na fundi fulani, na gesi ile imegandamizwa kwa shinikizo la bar 200, kwa hiyo si kazi ya kubahatisha. DIT, ile Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, wanafunga mifumo hiyo, na mafundi wanaoijua vizuri hawajatosha. Bado nashangaa kwa nini kijana wa Mbagala anaitazama Lindi wakati Ubungo ipo pua na mdomo. Labda kwa sababu kazi iliyo mbali inaonekana ina heshima zaidi. Mimi ndivyo nilivyoona, na ndivyo nilivyopoteza pikipiki.

Milioni tatu zako, mdogo wangu, zirudishe kwa mama azishike. Chukua laki moja tu. Nunua viatu vya ngozi vya kufunga vyenye ncha ya chuma, na shati la pamba la mikono mirefu, nailoni inayeyukia mwilini. Kofia ya kuchomelea nitakuazima. Jumamosi saa mbili asubuhi uwe Tandika, ukishuka kwenye daladala nipigie nije nikupokee.